Chumba cha Muhenna

Bili ya mwezi wa saba iliingia kwenye simu
saa nne asubuhi, kikombe mkononi:
rial themanini na sita, baisa mia nne.
Nikaisoma tena, safari hii kwa miwani.
Tuko wawili tu katika nyumba hii ya Mabela,
mimi na Rayya, na paka mwenye jicho moja,
na hakuna kati yetu anayeyeyusha chuma.

Nilikuwa mhasibu miaka thelathini.
Hesabu ikinikimbia huifuata mpaka uvunguni.
Nikaanza na hita. Nimeizima tangu Aprili,
maana kiangazi cha huku hugeuza mambo:
tangi la paani huchemka lenyewe,
na bomba jekundu ndilo la maji baridi.
Si yeye.
Nikabana noti ya rial mlangoni mwa friji,
nikavuta, ikagoma. Mpira mzima.
Si yeye.

Mlango wa jikoni una ufa chini, kidole chapita.
Mama yangu, mzaliwa wa Wete, angesema
usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa usipoziba ufa
unampoza bure muuza matairi ng'ambo ya barabara.
Nikakunja kanga kuukuu ya Rayya, nikaisokomeza pale.
Maandishi yake yamefifia,
limebaki neno moja tu, "jirani".

Adhuhuri akaja Delwar, fundi wa Kibangali,
ngazi begani, pampu ya maji mkononi.
Alipofungua kiyoyozi cha sebuleni
chujio lilitoka limevaa koti:
vumbi la gharbi, moshi wa udi, manyoya ya paka.
"Baba," alisema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga,
"mashine inavuta pumzi kupitia blanketi."
Tukaliosha bafuni. Maji yakatoka rangi ya chai.

Akamaliza cha sebuleni, cha chumbani kwetu,
cha wageni, cha jikoni. Akafuta jasho.
"Na cha tano?"
Vinne tu, nikamwambia.
Hakubisha. Alinishika mkono
akanipeleka nyuma ya nyumba, nisikokanyaga,
ambako mashine ya tano ilikuwa ikinguruma ukutani,
mpira wake ukidondosha tone, tone,
na chini yake mrehani umesimama mbichi,
Julai, katika ardhi inayounguza soli.

Nikaufuata mpira kwa macho hadi dirishani.

Miaka mitatu iliyopita, kwa bili ya rial hamsini tu,
niliingia chumba hicho usiku nikazima kiyoyozi
kijana amelala.
Asubuhi alifunga begi.
"Sikai nyumba inayohesabu pumzi," alisema,
akaenda zake Duqm.

Nikasukuma mlango. Baridi ikanipokea
kama mwenyeji.
Kitanda kimetandikwa, shuka limekunjwa pembe moja,
tayari kwa mtu kuingia.
Rimoti juu ya mto: kumi na nane.

Delwar alinitazama, kidole kwenye swichi.
"Nizime?"
Nikamwambia fungua, osha,
osha vizuri kuliko vile vingine.

Rayya alikuwa amesimama mlangoni,
unga wa chapati viganjani. Hatukutazamana.
Nikachukua rimoti.
"Ishirini na tano," nikasema.
"Ishirini," akasema.
"Rayya, umeme haununuliwi kwa machozi."
"Wala sijalia. Ishirini na moja."
Tukavutana kama watu wa sokoni Sib
wanaogombea samaki mmoja,
na Delwar kati yetu na chujio linalochuruzika,
hadi tukapatana ishirini na tatu,
na pazia lifungwe mchana,
na mimi ndiye nipige simu.

Sijapiga bado.
Usiku nilitoka kwenda kuitazama mita.
Tarakimu zilikuwa bado zinapanda,
lakini polepole sasa, moja, halafu kimya, halafu moja,
kama mtu aliyechelewa kurudi
anayepanda ngazi kwa ncha za vidole
asiwaamshe wazee.