Pini Mia Tisa na Ushei

Kaka yangu Muhenna kasema, Itupe.
Kompyuta rika la Shawana,
naye Shawana anajifunza gari!
Nenda Ruwi ukanunue mpya.

Ruwi nilikwenda.
Nikarudi na prosesa, ndogo kama biskuti,
riali nne, na baisa mia tano dawa yake ya kupooza.
Shaji wa dukani kaniapia ubao wangu utaikubali:
viini sita badala ya viwili.
Sikumwuliza ilitoka kwenye maiti ya nani.

Amerat, adhuhuri ya Juni, milima imetukalia kama mafiga.
Nikachomoa waya, nikashika chuma cha dirisha,
nikafungua ubavu wa mashine:
vumbi,
na unywele wangu mmoja, bado mweusi.

Pangaboi lilitoka kwa ubishi.
Dawa ya zamani imekauka ukoko;
nikafuta kwa spiriti, pamba ya tano ndiyo iliyotoka nyeupe.

Kisha nikaigeuza ile mpya.
Pini mia tisa na ushei,
na moja, pembeni, imelala.

Hapo ndipo Muhenna angecheka.
Lakini mimi nashona kofia tangu nina miaka kumi na mmoja,
tundu kwa tundu, kofia moja miezi minne.
Nikavaa miwani, nikatwaa sindano nyembamba kuliko zote.
Taratibu, mwanangu, nikaiambia pini,
inuka, safu ya wenzio ile pale.
Ikainuka.

Ikaingia kwa uzito wake tu;
kinacholazimishwa si pake.
Tone la dawa juu, kadiri ya choroko.

Nikawasha. Giza.
Giza tena. Nikasoma Kursi.
Tit.

Tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa, saa sita usiku.

Ni betri ya saa, niliitoa mwenyewe, najua.
Lakini mkono ulibaki juu ya kibodi.
Mosi Januari, elfu mbili na tisa:
mama yuko chumba cha pili, anakuna nazi,
anauliza hicho kidude chako kinakula umeme kiasi gani.

Nikamaliza chai kabla ya kurekebisha mwaka.

Kisha nikafungua mchoro wa kofia ya harusi ya Azzan.
Zamani maua yalitokea moja moja,
nami huku natia uzi.
Leo yametokea yote, papo hapo,
na uzi bado niko naulowesha mdomoni.