Breki ya Mkono

Datsun ya mwaka sabini na nne, rangi ya haradali,
niliinunua kwa bei ya baiskeli
kutoka zizi moja nje ya Kajaani.
Kuku walikuwa wamehamia kiti cha nyuma;
chini ya zulia nikakuta yai,
limekauka, jepesi kama balbu.

Kutwa nachonga meno ya bandia.
Jioni navaa ovaroli, nafungua boneti,
na kule nako ni kazi ya kinywa:
plagi nne zina ukoga wa masizi,
nazing'oa, nazisugua kwa brashi ya waya,
napima mwanya, nazirudisha kwenye ufizi.

Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Oili imekuwa nzito kama asali ya mwaka juzi.
Spana, ukiishika bila glavu, inakudai ngozi.

Nilitaka gari kama lilivyotoka kiwandani,
boliti kwa boliti, kitabu kikiwa pajani.
Lakini kuna mtu alinitangulia.
Springi zimekatwa kwa msumeno, koili moja na nusu,
ncha hazikupigwa hata tupa.
Ekzosi pana, inapitisha ngumi.
Kabureta ya kuazima, ya gari kubwa zaidi,
imekalishwa juu ya kipande cha alumini
kilichochongwa kwa mkono,
tena kikachongeka, nakiri kwa shingo upande.

Nikamtukana mtu huyo wiki tatu.
Mchinjaji, nikamwita.
Jumamosi akabisha hodi.

Urpo, jirani wa ghorofa ya tatu,
kofia ya manyoya, mikono inatetemeka
tangu daktari alipoupa ugonjwa jina.
"Sauti hiyo naijua," akasema.
"Ilinitoza faini mwaka themanini na moja."
Akalizunguka gari polepole,
kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyozaliwa
akakuta mapazia ya wengine.

Nikamwonyesha springi. Akacheka mpaka akakohoa.
"Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na msichana wa Sotkamo."
Nikampa tochi anishikie.
Mwanga ukacheza ukutani kama maji karaini,
nami nikajifunza kazi ya mwanga usiotulia:
unangoja urudi,
halafu unakaza nati robo ya mzunguko.

Kufikia mwezi wa pili springi ni mpya,
ekzosi nyembamba, bushi, mafuta ya breki.
Kabureta tulibishania siku nne. Ikabaki.

Kisha nikafika kwenye breki ya mkono.
Ilikuwa ndefu kuliko ya kitabuni:
imeungwa kwa kipande cha fimbo ya skii,
mwanzi, umezungushiwa uzi wenye gundi,
ukapigwa vanishi, ukasuguliwa msasa,
ukapigwa tena, hata ukucha haukwami popote.
Hapa hapakuwa na haraka.
Nikakitazama kitabu. Nikamtazama yeye.

"Vuokko," akasema. "Yule wa Sotkamo.
Bega la kulia liliumia kiwanda cha mbao,
mkono ukawa haushuki.
Ili aifikie breki lazima ainame,
na akiinama haoni barabara."
Akaizima tochi, akaiwasha.
"Ya kiwandani unayo sandukuni. Ifunge.
Mimi nitashika taa."

Ninayo kweli, niliiagiza Ujerumani.
Imo ndani ya karatasi yake ya mafuta,
imo mpaka leo.

Leo tumetoka, barabara nyeusi katikati ya theluji.
Gari linavuta kushoto kidogo,
na kila tulipoegesha limeacha tone la oili,
doa moja, kama nukta ya mwandishi mzembe.
Mlimani, kwenye taa nyekundu,
nikavuta mwanzi. Gari likatulia tuli.

Urpo hakuutazama mkono wangu.
Alikuwa ameinamisha sikio kwenye dashibodi.
"Petroli haitoshi, hewa imezidi," akasema.
"Geuza. Turudi tukairekebishe."