Kifungu cha Kumi na Nne

Mswada ulitufikia Gongoni ukiwa nakala ya nakala,
kurasa arubaini na moja, wino umepauka kama leso ya zamani.
Nyevu aliutandaza dukani kwa shangazi yake,
kati ya mizani na gunia la mchele,
akasema: tuusome kabla hatujasomewa.

Ulikuwa Kiingereza cha tai na viyoyozi.
Tuliutafsiri usiku tatu, watu watano,
kwanza Kiswahili, kisha Kigiriama cha akina mama
maana wao ndio wenye visima.
"Uchafuzi" tulilipata upesi.
"Haki ya mazingira" ilitukwamisha hadi saa sita,
mpaka Ngumbao, aliyeacha shule kidato cha pili
na sasa anaparura chumvi kwa kibarua cha siku,
akauliza: si ni kusema tu
aliyekula samaki ndiye azoe miba?
Tukaandika hivyo. Pembeni. Kwa penseli.

Ndipo tukafika kifungu cha kumi na nne:
*Kaunti inaweza kupima maji ya visima
vilivyo jirani na mashamba ya chumvi.*

Inaweza.

Nyevu alilizungushia duara neno lile
kama mtu anayezuia siafu kwa jivu.
Hata mimi naweza, akasema.
Naweza kuwa daktari. Naweza kuamka alfajiri.
Naweza kumlipa Mama Tsofwa deni la unga.
*Inaweza* ni mlango wenye bawaba usio na komeo.
Sisi tunataka *lazima*.

Siku ya maoni tulivuka daraja la Sabaki,
mto chini yetu rangi ya chai ya maziwa,
umebeba mashamba ya watu tusiowajua kwenda kuyamwaga.
Mashati ya kuazima. Nauli ya mchango.
Nyevu kapakata chupa ya maji ya kisima cha mamake,
maji ambayo chai yake haihitaji kuonjwa
ili ujue ni ya huko.

Malindi, langoni mwa bunge la kaunti,
askari akainyanyua chupa juani:
vimiminika haviingii.
Ni ushahidi, tukasema.
Akafungua kifuniko, akaonja kwa ncha ya ulimi,
akatema kwenye maua, akakaa kimya kidogo.
Haya ni ya Marereni?
Ya Gongoni.
Basi yamefika, akasema,
kwa sauti ya mtu aliyesikia hodi nyumbani kwake.
Chupa aliizuia hata hivyo.

Ndani, dakika tatu kila kikundi.
Wenye hoteli walizungumza kumi na moja.
Mwenyekiti alitutazama juu ya miwani:
haya vijana, mna mapendekezo mangapi?
Neno moja, Nyevu akajibu.
Hakutaja vizazi vijavyo, wala hakulia.
Kifungu cha kumi na nne, mstari wa kwanza,
toeni *inaweza*, wekeni *lazima*.
Mwanasheria wa pembeni akakohoa:
*lazima* ina gharama, binti yangu.
*Inaweza* nayo ina gharama, akasema Nyevu,
ila risiti yake huletwa kwetu.
Watu wakacheka. Karani akaandika.
Tulimwona akiandika; alichoandika hatukukiona.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za vuli.
Mswada uko kwenye kamati. Kamati iko kwenye ziara.
Kila Jumatatu Nyevu hupiga simu
kwa salio la shangazi, na kila Jumatatu
anaambiwa apige Jumatatu.

Nakala yetu inaning'inia dukani kando ya mizani,
imeshika mafuta, imeshika vidole.
Akina mama wasiojua kusoma huigusa palipo na duara
wakauliza: lile neno letu, limefika wapi?
Nasi kwa haraka, huku tukipima sukari,
tunawajibu: linaweza kupita.

Halafu tunajisikia tulichosema.
Mizani inatulia.
Nyevu anatafuta penseli.