Nyama ya Asiyekuwepo

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
chumba cha kufulia, jumba letu la Highfields, Leicester.
Mashine namba tatu inatikisika kama mlevi
na sisi wanne juu ya vikapu
tunaulizana: wiki hii umekula nini?

Daktari alinichorea sahani kwenye karatasi:
nusu mboga, robo nafaka, robo kunde na jamaa zake.
"Jaribu miezi sita, Bi Mwanasiti. Nyama weka kando."
Hakunichorea saa tisa usiku
nikitoka zamu ya kugeuza wazee vitandani,
duka la kuku liko wazi,
harufu imenishika mkono
kama shoga yangu wa utotoni.

Ndiyo maana nina namba ya Hansaben.
Miaka sabini na minane, kazaliwa Kisumu,
Kiswahili chake cha dukani, cha mizani na vibaba:
"Wewe kuja, mimi nafungua mlango."
Hajaonja nyama tangu azaliwe
na hajawahi kunicheka.
Usiku ule alipasha dengu, akakata ndimu,
akakaa kunitazama nikila
mpaka kuku akapita zake.

Dorota ana soseji moja nyuma ya barafu.
Kila Alhamisi anatoa ripoti:
"Bado ipo. Siili. Nataka tu kujua ipo."
Alston, dereva wa basi mstaafu, mtu wa Antigua,
anadai maharage ya nazi yalianzia kwao.
Nimemwachia maharage.
Mbaazi simwachii.

Kisha Alston akakosa Alhamisi moja.
Ya pili.
Ya tatu, Dorota akashusha sauti:
kamwona buchani, mfuko unachuruzika.
Nami nikafungua kinywa, kisu changu tayari,
maana nilikuwa nimeona mifupa kwenye pipa la ghorofa ya sita
na habari ilikuwa inaniwasha ulimi.

Hansaben alikuwa anakunja sari,
pembe kwa pembe.
"Sisi naacha nyama," akasema,
"basi ya Alston pia naacha."

Nikamfasiria Dorota.
Kwa Kiingereza ilipoa, ikakosa chumvi,
lakini alielewa,
akainama kutafuta soksi ambayo haikupotea.

Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake.
Tulipanda ngazi na sufuria ya mbaazi,
Hansaben akipumzika kila kituo,
mkono ukutani, akikataa kushikwa.

Alston alifungua mlango na mwiko mkononi.
Nyumba nzima ilinuka mkia wa ng'ombe.
"Mwaka umetimia," akasema,
"yeye alikuwa akiupika Jumapili.
Nimejaribu mara tatu.
Haufanani."

Hatukuwa na maneno ya kumpa.
Dorota akatafuta sahani, akapata nne na bakuli.
Hansaben, aliyeukwepa moshi wa nyama maisha yake yote,
akavuta kiti karibu na chungu
akauliza jina la marehemu.
Pearline.
Tukala mbaazi, yeye akala mkia na mbaazi,
na hakuna aliyehesabu.

Juzi usiku simu ililia, saa tisa na robo.
Nilidhani ni kazini.

"Mwanasiti. Nimesimama nje ya duka la kuku."

"Una njaa?"

"Sina. Nyumbani tu kumekuwa kimya."

Nikakaa kitandani, nikatafuta kandambili kwa mguu.
Presha yangu imeshuka kidogo, si sana,
na kisamvu cha barafu kimenichosha, nakiri.
"Usikate simu," nikamwambia. "Unaona nini?"

"Taa nyekundu."

"Nini tena?"

"Mvua. Kijana anapiga deki."

"Haya. Geuka kushoto, tembea taratibu.
Mimi nabandika maji.
Nieleze tena hayo maharage yenu,
uongo wote, tangu mwanzo."