Fundo la Aproni

Bi Hattersley wa nyumba ya pili,
mwenye mbwa mmoja na maneno mia,
alininong'oneza juu ya ua siku yangu ya kwanza:
"Yule Desmond? Miaka hamsini na mitatu,
bado kafungwa kwenye kamba za aproni ya mamake."
Nikatikisa kichwa kama aliyeelewa.
Kiingereza changu kilikuwa cha fomu na vituo vya basi,
kilikuwa hakijafika jikoni.

Nikaingia nikizitafuta hizo kamba.

Wakefield, mwezi wa pili, saa moja asubuhi na bado giza,
mvua haitaki kunyesha wala kukoma.
Nilikuja kumwogesha Bi Winifred,
dakika arobaini na tano, ndivyo ratiba ilivyosema.
Aproni ilining'inia nyuma ya mlango,
ya drafti, nyeupe na buluu, mfuko mmoja mbele,
kamba zake zimelegea hadi karibu na sakafu.
Hazikumfunga mtu.

Desmond alikuwa mezani.
Yai la dakika nne. Mkate umekatwa vijiti.
Shati la ofisi ya maegesho limepigwa pasi,
na mkono wa mama, ukitetemeka, unamtoa uzi begani.
"Umevaa fulana ya ndani?"
"Nimevaa, Mama."
Upara umemwaka utosini,
sauti ya mtoto anayepelekwa chekechea.

Nilicheka moyoni. Asiyefunzwa na mamaye
hufunzwa na ulimwengu. Na huyu je?
Mamaye hakumaliza somo,
ulimwengu ukamsubiri nje hadi ukachoka,
ukapanda basi, ukaenda zake.

Lakini nicheke nini mimi?
Nina miaka arobaini na sita,
na kila Jumapili nampigia mama, Korogwe,
kumuuliza kama tui la kisamvu hutangulia au hufuata.
Jibu ninalijua.
Nimelijua tangu darasa la sita.

Kisha siku moja aproni ikaenda kufuliwa.
Nikatia mkono mfukoni, desturi ya mfuaji,
nikatoa pini mbili, peremende iliyogandana na karatasi yake,
na barua iliyokunjwa mara nne, laini kama kitambaa,
ya mwaka tisini na moja.
Kampuni ya ramani, Aberdeen.
Tunafurahi kukujulisha. Chumba kipo. Uanze Septemba.

Damu ilinichemka.
Nilimtazama ajuza kitini, akitafuna hewa,
nikamwona mchawi.
Nikabaki hadi saa kumi na moja, bila malipo,
nikamwekea Desmond barua mezani
kama askari aliyeokota kisu.

Hakuigusa. Aliitazama kwa mbali
kama mtu anayetazama picha yake ya shule.
"Niliitia mwenyewe," akasema.
"Nilimwambia anitunzie mpaka nitakapoamua."
Birika likapiga mluzi.
"Hakuniuliza tena. Nami..."
Akanyamaza, akaanza kuitafuta sukari
iliyokuwa pale pale inapokaa siku zote.

Sasa Bi Winifred havijui tena vidole vyake.
Hapiki, lakini aproni anaitaka,
asipoipata hulia.
Desmond humvisha kabla ya kazi.
Hupiga magoti nyuma ya kiti, ulimi nje,
huzizungusha kamba mara mbili, maana mama amekonda,
kisha hukaza fundo
ambalo usiku mimi hulifungua kwa uma.
Barua ameirudisha mfukoni.
Huisikia ikichakarika nikimwinua.

Bi Hattersley angali ananiita pale kwenye ua.
Ninamwambia nawahi basi.

Jumapili mama akajibu: hufuata, mwanangu, tui hufuata.
Halafu akauliza huko kuna baridi,
na je, nimevaa sweta?
Nimevaa, Mama, nikasema,
nimesimama kituoni natetemeka,
sweta nimelisahau jikoni kwa watu.