Kidole Kisichosomeka

Mashine ilimulika kijani, ikalia, ikakataa.
"Tena," akasema karani wa Jangipur.
Mama akafuta kidole gumba kwenye sari,
akakibonyeza kama anayegonga muhuri.
Ikakataa.

Miaka ishirini na sita anasokota bidi,
sigara ya jani, ya mfuko wa maskini:
jani la kendu, tumbaku kiduchu,
uzi mwekundu mizunguko miwili, kucha inakunja ncha.
Elfu moja kwa siku. Siku ya Idi, mia sita.
Ngozi imekwenda na moshi wa watu tusiowajua;
vidole vimebaki laini kama mgongo wa kijiko.

Karani si mtu mbaya. Alileta kitambaa chenye maji,
akajaribu cha shahada, cha kati, cha pete.
Kisha akasema kwa upole: "Pumzika wiki mbili,
usishike jani. Alama zitaota, urudi.
Bila alama hakuna kitambulisho,
bila kitambulisho sheria haikujui."

Mama alicheka. Nakumbuka, kwa sababu hacheki ovyo.
Foleni nzima iligeuka.
"Wiki mbili," akasema. "Tutaila sheria yenyewe, kwa chumvi?"

Mkobani nilikuwa na daftari la hesabu, la darasa la saba.
Kurasa za nyuma nimeandika tangu mwaka juzi
kila bidi aliyoikataa munshi Kalimuddin:
Jumatatu, arobaini, "zimelegea."
Alhamisi, sitini na tano, "jani bovu" –
jani alilotupimia yeye, kwa mizani yake.
Hazilipi, wala hazirudishi.
Niliwahi kumuuliza, hizo mbovu huenda wapi?
Akanijibu kwamba msichana asomaye sana
macho humwingia maji.

Nikaliweka daftari mezani, ubavuni mwa mashine.
Karani akasoma ukurasa, akalamba kidole,
akasoma mwingine.
"Lakini mwajiri hapa ni nani?
Munshi anasema yeye ni mchukuzi tu.
Kampuni inasema haimjui mama yako.
Na nyumbani kwenu, kisheria, ni nyumbani."

"Basi andika," Mama akasema,
"kuna bidi elfu thelathini na moja
zilizosokotwa na asiyekuwepo,
zikakataliwa na asiyekuwepo,
zikauzwa."

Hakuandika. Ila daftari hakulirudisha.
Nyuma yetu Bibi Tohura alikuwa ameshaanza
kufungua fundo la upindo wake,
na ndani ya fundo mlikuwa na karatasi.