Bei ya Kivuli

Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi.
Ina chumba chake juu ya bati la ofisi ya maji
nami nina changu chini yake:
meza, jiko la mkaa miguuni,
na swali la mkurugenzi kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne:
Uniti tuiuze bei gani, Subilaga,
na mafundi wangapi watutoshe?

Nikaandika lengo kwanza, ndivyo tulivyofundishwa:
gharama, ishuke hadi inapogota.
Chini yake masharti, yakapanga foleni kama watu wa gati:
tangi la Bulyaga lisipungue nusu;
fundi asizidishe saa arobaini na tano kwa juma;
mishahara isivuke tarehe thelathini;
ndoo ya lita ishirini isizidi shilingi hamsini,
kwa ajili ya Mama Tupokigwe,
auzaye magimbi ya kuchemsha pale stendi,
anayeijua bei ya maji kwa uzito wa fundo
kwenye pindo la kitenge.

Sikumwandika kwa jina.
Nilimwita x wa saba.

Saa nne usiku jibu likaja,
lina desimali mbili, halina aibu:
mafundi kumi na wanne wawe kumi na mmoja.
Wapungue wale watatu ambao mishahara yao
imepanda ngazi polepole kwa miaka mingi.
Wa kwanza wao, Ambilikile Mwasomola.

Ambilikile ana nondo ndefu.
Usiku, mji ukinyamaza, huisimika barabarani,
huegesha sikio kwenye ncha ya juu, hufumba macho,
husema: hapa.
Wanachimba hapo. Bomba linavuja hapo.
Ramani ya mabomba ililoa mwaka ule paa lilipong'oka;
tangu siku hiyo ramani inatembea,
inavaa mabuti ya mpira,
inakunywa chai bila sukari.

Nikaongeza sharti: Ambilikile abaki.
Mashine ikatafuna kidogo, ikatema neno moja:
haiwezekani.
Haikuwa inabisha. Hesabu haibishi, ina kuta tu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nikarudi kwenye jibu la kwanza, nikainama
hadi jedwali la chini kabisa, lile wakubwa hawalifungui,
penye bei ya kivuli:
kila sharti linalobana hutaja thamani ya maumivu yake,
hunong'ona, nilegeze kidogo tu,
nitakurudishia kiasi hiki.

Saa moja ya fundi, elfu nne.
Uniti moja isiyopotea njiani...
nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.
Maji yanayopotea nilikuwa nimeyaandika
kama mtu anavyoandika hali ya hewa:
theluthi, imekwenda, tuendelee.
Na Ambilikile nilikuwa nimempa saa
kama saa ya mtu yeyote,
saa isiyo na sikio.

Nikafuta. Nikaufanya upotevu uwe kigeugeu,
ushuke kwa kila usiku wa nondo barabarani.
Mkaa ulikuwa umebaki majivu
jibu la pili lilipofika:
mafundi kumi na watatu. Ndoo, hamsini na tano.

Ambilikile abaki.
Anayeondoka ni Gwakisa, mwezi wa nane kazini,
aliyeniuliza juzi, akicheka,
kama bima ya ofisi inalipia mapacha.

Na shilingi tano sarafu yake
sokoni haijaonekana siku nyingi.
Kwa ndoo mbili Mama Tupokigwe atatoa mia,
atasema, kumi nitaleta kesho,
na mwenye gati ataandika ukutani kwa mkaa
kijistari kimoja, kando ya vingine.

Kikao ni Jumatatu saa tatu.
Nimechapa nakala sita.
Ule ukuta
sijapata safu ya kuutia.